Neno JUU na Bilauri za Mama

Nyumba Na. 27, Chumba cha Mbele,
S.L.P. 614.
19 Agosti

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na baridi ya huko haijakutoa roho. Sisi huku hatujambo, ukiacha viungo vinavyouma kwa kubeba mizigo. Shemeji yako bado anatembea ameinama upande mmoja, na mwanao, huyu niliyemzaa mimi, yuko likizo, anamaliza sukari yangu. Mama ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Sijamaliza kusema, umeshajibu. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unajua tulivyohangaika kumtoa Mama kwenye ile nyumba. Alianguka mara mbili kwenye kizingiti cha bafu, na mara ya pili alilala sakafuni asubuhi nzima mpaka jirani muuza mkaa aliposikia anaita. Hata hivyo aligoma. Nikabembeleza, shemeji yako akabembeleza, mwisho akakubali kwa sharti moja: vyombo vya kabati lake la kioo vifike vizima, hasa zile bilauri nane zenye ukingo wa dhahabu alizonunuliwa na Baba. Ufunguo wa nyumba akabaki nao mwenyewe. Alisema wazi kwamba bilauri zikivunjika, anageuza na lori lile lile.

Ndipo ukaingia wewe na ujuzi wako. Ulinitumia maelezo marefu kuliko hotuba ya harusi: sahani zisilazwe, zisimamishwe kama vitabu, kila kikombe kiwe na nguo yake, boksi likitikiswa lisitoe sauti. Nilifuata yote. Nilimaliza gunia zima la mabaki ya vitambaa vyangu vya kushonea, na bilauri nikazivisha soksi za shemeji yako, moja moja, tena safi, usinicheke. Siku mbili sikushona nguo ya mteja hata moja. Mama alikaa kwenye kiti na fimbo yake ananielekeza kana kwamba nimezaliwa jana, na kila nilipofunga boksi aliniambia nilifungue tena aone.

Kisha ukasema niandike JUU kwa herufi kubwa, kuonyesha upande wa kuelekea juu. Dada, hukusema habari ya mshale. Huko ghalani unakofanya kazi maboksi yanakuja na mishale imechapwa tayari, kwa hiyo hukuiwaza. Nami sikuiwaza. Nilichukua kalamu nene nikaandika JUU, JUU, JUU, kila upande na kwenye kifuniko, nikajiona mtaalamu.

Dereva wa lori, ambaye mtaa mzima unamwita Komandoo, anajua kusoma vizuri sana. Aliona JUU, akaweka juu. Meza chini, kabati juu ya meza, godoro juu ya kabati, na juu ya godoro yakakaa maboksi yangu matatu ya vioo, bila kamba. Mimi nilikuwa ndani nafagia chumba cha mwisho. Nilipotoka lori lilikuwa limeshang'oa nanga, Mama amekaa mbele na mkoba mapajani.

Nilidandia pikipiki nikawafuata, napiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tuta la kwanza walivuka salama. Kwenye la pili, nje ya karakana ya matairi, boksi la bilauri liliteleza taratibu kama mtu anayeshuka kitandani, likatua barabarani. Ule mlio wa vioo niliusikia juu ya kelele za pikipiki.

Lori liliposimama, nikamvaa Komandoo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye akalielekeza boksi kidole, tena kwa upole, jambo lililonichefua zaidi. "Sasa sista, si umeandika mwenyewe? Juu. Mimi nimeweka juu. Ungeandika chini ningeweka chini."

Mama alikuwa amesikia kila kitu pale mbele, na hata shingo hakugeuza.

Usidhani yaliishia hapo. Tulipofika kwangu, shemeji yako alilichukua boksi la sahani akalipandisha juu ya kabati la nguo, likawa linaning'inia nusu hewani. Nilipomuuliza ana akili timamu, naye akaniambia, "Si umeandika juu?" Dada, nilikaa chini nikalia kwa hasira. Watu wawili wazima, na neno moja la herufi tatu.

Mama alikaa siku mbili hajavua viatu. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, ufunguo ndani ya mkoba. Chakula alikigusa kwa ncha ya kijiko. Boksi lililoanguka aliliweka chini ya dirisha na kumkataza kila mtu kulisogelea. Nikimsemesha, jibu lake lilikuwa lile lile: "Niitieni lori." Nilikuwa nageuza cherehani huku namwona akilini amelala sakafuni kwenye ile nyumba, hana wa kumwinua, na jirani safari hii hayupo kumsikia. Nilimkasirikia Komandoo, nikajikasirikia mwenyewe. Na wewe pia nilikukasirikia, wacha niseme.

Nilikukasirikia kwa sababu ulipopiga simu siku ya pili, swali lako la kwanza lilikuwa kama nilijaza nafasi zilizobaki ndani ya boksi. La pili likawa unene wa boksi lenyewe. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasikia sauti yako, ameinua uso. Ukasema una kazi, utapiga tena. Mwaka wa saba huu hujatia mguu nyumbani. Kila mwaka unatuma kifurushi, na sikatai, vifurushi vyako huwa havina hata mkwaruzo.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Mama aliniita nimletee mkasi wa kushonea. Akaketi mkekani karibu na dirisha, akakata utepe wa boksi mwenyewe. Shemeji yako akasogea, mwanao akasogea. Akawa anatoa soksi moja moja, anaipapasa kwa nje kwanza. Iliyokuwa na chengachenga aliiweka pembeni bila kuifungua. Nzima aliivua, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, akaisimamisha sakafuni.

Zilipona nne. Nilianza kuomba msamaha, maneno yakagongana mdomoni. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nne," akasema. "Na sisi ni wanne. Zinatosha."

Akavua viatu. Akatoa ufunguo kwenye mkoba, akampa shemeji yako amrudishie mwenye nyumba. Halafu akauliza kitanda chake kitakaa upande gani.

Ningepaswa kuruka kwa furaha, na kweli nilifurahi, Dada, nilishukuru Mungu palepale. Lakini niliporudi kwenye cherehani nilishona pindo la gauni la watu ndani nje. Nikarudia kuhesabu. Mama, mimi, mume wangu, mtoto wangu. Nilirudia tena, labda nimemsikia vibaya. Hakusema kwa hasira, na hakusema ili nikufikishie. Alihesabu tu walio naye, kama mtu anavyohesabu sahani kabla ya kupakua. Nami sikumsahihisha.

Najua ulivyo. Ukimaliza kusoma utakimbilia dukani kutafuta bilauri za ukingo wa dhahabu, uzifunge kitaalamu na mishale yake. Nakuomba usitume. Kabati la Mama lina nafasi tupu na analiona hivyo kila asubuhi, hajalalamika. Omba ruhusa kazini, panda gari, uje na mikono mitupu.

Shemeji yako anakusalimu huku ameshika kiuno. Mwanao anauliza wewe ni mrefu kuliko mimi au mfupi, nikashindwa kukumbuka. Jirani muuza mkaa naye ameniagiza salamu. Za Mama sina, hajui kama nakuandikia.

Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia. Njoo, Dada, uhesabiwe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimevimba kwa hasira,

Fundi Cherehani wako