Gurudumu Nililobishana Nalo

Mpendwa Mwende,

Hapa Kanyangi tuko salama. Mvua imenyesha vizuri na mama yako yuko shambani anapanda ndengu. Umeniuliza kama hiyo jairoskopu unayosomea kuitengeneza niliwahi kuiona. Niliiona, tena nikabishana nayo.

Miaka ya sabini nilikuwa nesi kijana, nikimpeleka mgonjwa Nairobi kwa ndege ndogo. Alipona, kwa hivyo hayo tuyaache. Tukaingia ndani ya wingu zito. Rubani alikata kona polepole, kisha akanyoosha. Papo hapo mwili wangu ukaniambia tumelalia kushoto. Sasa, sisi tuliozoea malori ya Emali, lori likilala upande mmoja, abiria wote huegemea upande wa pili lisipinduke. Basi nikaegemea kulia kwa nguvu zangu zote nikipiga kelele, "Tunaanguka! Egemea huku!"

"Sista, kaa tu," rubani akasema, akinionyesha kisaa chenye mstari mweupe. "Humu ndani kuna gurudumu linazunguka kwa kasi sana. Ndege ikilala, lenyewe halilali. Linasema tuko sawa."

"Basi limeharibika!"

Wingu likafunguka, na kule chini mgongo wa Yatta, ule uwanda mrefu ulio bapa, ulikuwa umenyooka sambamba na ule mstari. Katika ndege nzima, aliyekuwa amelala upande ni mimi.

Zitengeneze vizuri hizo jairoskopu, mjukuu wangu. Abiria kama mimi bado tuko wengi.

Susu yako