Jicho la Kulia, Lile Zima

Mchafukoge, Dar es Salaam
12 Mei 2025

Mwanangu Samah,

Asalaam alaykum. Mimi mzima wa afya, hofu yangu ni kwako na mumeo huko Muscat. Naandika kwa mkono, halafu Chiku, jirani yangu wa duka la chupa za chai, ataipiga picha akutumie. Herufi za simu zinanishinda siku hizi.

Nianze na jicho. La kushoto unalijua, kope ilianza kushuka ukiwa shule ya msingi. Sasa imefunika mboni. Juzi Mtaa wa Kongo mkokoteni umenipiga ubavuni, mwenyewe akaniuliza, "Mama, huoni?" Nikamjibu naona sana, wewe ndiye huangalii. Uongo mtupu, sikumwona kabisa.

Nimekwenda hospitali. Daktari anasema nifanyiwe upasuaji, kope inyanyuliwe. Nikamwambia haya, nyanyua. Akaniuliza, moja au zote mbili? Nikasema baba, hili la kulia limekukosea nini? Ni zima. Kacheka, kanipangia siku ya kurudi. Chiku anasema kuna mtu kwao Lindi aliguswa macho yote mawili kwa pamoja akatoka kipofu. Imamu anasema tiba ni ruhusa, ila la pili kama ni kujipendezesha tu, hapo hajui. Nimebaki njia panda. Wakiniharibia lile zima, duka la mabuibui nalifunga, na mimi bila Kariakoo nitakaa dirishani nitazame wenzangu wanapita. Nishauri.

Mama yako,
Mauza


Muscat
14 Mei 2025

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, na mume wangu mzima, anakusalimu. Pole sana kwa mkokoteni.

Mama, fanya yote mawili siku moja, mambo yaishe. Daktari amesoma, Chiku hajasoma. Taimur akupeleke, angalau kaka yangu naye apate kazi ya kufanya. Mimi kuja siwezi, mume wangu hana likizo. Usinifikirie kabisa, huku kila kitu kiko sawa.

Mwanao mzima,
Samah


Mchafukoge
29 Mei 2025

Mwanangu Samah,

Asalaam alaykum. Leo naruka salamu ndefu, nina jambo.

Daktari kalinyanyua jicho la kushoto kwa plasta, majaribio tu. Wallahi niliona mpaka buibui, yule mdudu, kwenye dari la hospitali yao, nikawaambia wafagie. Kisha kanipa kioo. Samah, la kulia likaanza kushuka. Lile zima. Polepole, mbele ya macho yangu, kama pazia lililokatika kamba. Nikamwambia umeliharibu wewe. Akasema hapana mama, na hilo ni gonjwa siku nyingi. Eti macho yote mawili huvutwa kwa nguvu moja. Kope ya kushoto ilipolegea, kichwa kikazidisha kuvuta ili niione njia, na ya kulia ikapata nguvu hiyohiyo, ikasimama wima tukasema ni nzima. Kumbe ilikuwa inajikaza tu. Mzigo ulipopungua, ndiyo tukaona hali yake.

Nimerudi dukani nimechanganyikiwa. Buibui la nakshi nimeliuza kwa bei ya la kawaida na mteja kanishukuru mpaka kanitia hasira. Sielewi tena zima ni lipi na bovu ni lipi. Miaka yote hii nimelihangaikia la kushoto, mara wanja, mara dawa ya matone. La kulia nani aliliuliza hali?

Ndipo nikakukumbuka wewe. Taimur akipata mafua nyumba nzima tunakohoa naye. Akifukuzwa kazi silali. Wewe kila barua mzima wa afya, mzima wa afya. Sauti ya mumeo sijaisikia tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka huu. Nikipiga simu ya picha, mtandao mbovu. Mimi nauza ninja za kufunika uso, mwanangu. Namjua mtu anayejifunika.

Nakuuliza, na usinijibu kwa desturi ya barua: wewe ni mzima? Usiponijibu sifanyi jicho hata moja.

Mama yako


Mchafukoge
19 Juni 2025

Samah,

Idi imepita bila neno lako. Chiku ameniambia tiki mbili ni za buluu, kwa hiyo umesoma. Mimi sijambo, uongo, jana nimejigonga kwenye mlango wa duka langu mwenyewe. Daktari kauliza tena, moja au mbili? Nikamwambia nasubiri barua ya mwanangu. Kaniona nimechanganyikiwa, na kweli nimechanganyikiwa.

Nimekukosea nini?

Mama


Muscat
8 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Hujanikosea. Nimeandika "mimi mzima" mara nyingi sana mwezi huu, nikafuta.

Si mzima. Mume wangu aliniacha tangu mwezi wa Rajabu. Alinipa talaka asubuhi, jioni nikakutumia salamu zake. Naishi chumba kimoja na Rania, mwalimu mwenzangu. Chakula hakipandi, nimepungua, ndiyo maana sikutaka unione. Nilisema mama ana jicho lake, ana Taimur wake, mmoja wetu lazima asimame. Halafu nikawa sijui namna ya kukaa.

Jicho fanya unavyoona, mimi tena sijui. Ila ukifanya yote mawili utafungwa bandeji, utahitaji mtu wa kukushika mkono. Nataka niwe mimi. Ndege ni Alhamisi ya tarehe 17. Nakuja na mizigo yote, Mama, sirudi. Utanipokea?

Mwanao,
Samah


Mchafukoge
9 Julai 2025

Samah,

Marahaba. Swali gani hilo unaniuliza.

Nimemwambia daktari yote mawili. Kauliza nimeamuaje, nikasema sijui, andika tu. Chiku amenuna. Imamu bado anatafuta kitabu. Huenda nikatoka kipofu, huenda nikatoka mrembo, mimi na wewe tutayaona.

Ila nimeomba wanikate baada ya Alhamisi. Uwanja wa ndege nitakuja na plasta za kunyanyua kope macho yote mawili, watu wacheke wakipenda. Nataka nikuone vizuri.

Mama yako