Siku Stelingi Alipozuiwa Kuruka

Nechells, Birmingham

Kaka yangu Suhaib,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hamjambo wewe, wifi na watoto? Kifua cha mama kimepata nafuu? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Binti yangu Asmahan anakusalimia. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, usimkasirikie. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na habari hii nataka uisome peke yako.

Nilikwambia nimepata kazi ya ushonaji kwenye sinema ya Wamarekani inayorekodiwa ghalani huku kwetu. Sikukwambia stelingi ni nani, maana tulitia saini tusiseme. Ni Curtis Bledsoe. Naam, yule yule uliyekuwa ukinyoa nywele kama yeye mpaka baba akakukataza. Baada ya kile kisa cha ulevi alikaa miaka bila kazi, na sinema hii ndiyo iliyokuwa imrudishe. Anaigiza shujaa anayepita kutoka dunia moja hadi nyingine, na kila dunia anakutana na mtu mwenye sura yake: huku mfalme, kule mzoa taka. Wote hao ni yeye.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha. Ni mtu mpole, kaka. Kila asubuhi aliniuliza habari za mama. Siku moja nilimpa chai kwa upande wa kushoto, akaipapasa hewani hadi ikamwagika. Nikamtazama, naye akajua nimejua. Akafunga mlango, akanieleza kwamba jicho lile limeingia kiza tangu mwaka jana, na kwamba amemficha daktari wa sinema. "Siti," aliniambia, "wakijua, watamleta kijana mwingine, na mimi ndiyo basi tena." Nikamwahidi kunyamaza.

Shida ilikuwa mruko wa mwisho. Ilimbidi akimbie juu ya ubao ulio juu kama ghorofa ya tatu, aruke, amdake mkono msichana anayebembea kwa waya kutoka upande wa pili. Msichana huyo ni Iqra, Msomali aliyekulia Nairobi, kazi yake kuruka na kuanguka badala ya waigizaji. Akikoswa, anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma. Kwenye mazoezi Curtis alimkosa. Nguzo ilikuwa imezungushiwa magodoro, basi watu wakacheka, lakini Iqra aliondoka ameshika bega.

Siku ya kurekodi magodoro yaliondolewa, yasionekane kwenye picha. Iqra akaja nimfunge mikanda. Alikuwa akisoma dua kimyakimya, kisha akaniuliza kama mzee wetu Curtis amelala vizuri. Nikasema sijui. Bizimu ikanishinda kufunga. Wakapandishwa, taa zikawashwa, ghala zima kimya.

Curtis hajapiga hatua, Jasvir, msimamizi wa waya, akapaza sauti kazi isimame, wakashushwa. Jicho likapimwa siku ile ile, na Curtis akaondolewa. Kila mtu akaamini aliyesema ni Iqra, kwa kuwa ndiye aliyekoswa mazoezini. Curtis naye akaamini, akamtukana mbele yetu sote, na yule binti akalia.

Kaka, aliyemnong'oneza Jasvir ni mimi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamfuata Curtis hotelini, nikamkuta anafunga mizigo, nikamwambia. Aliendelea kukunja mashati hadi nikatamani anitukane. Mwishowe akasema ningengoja mruko mmoja tu. Nikamjibu kwamba huo mmoja ndio ambao ungemuua Iqra. Akaketi kitandani akajifunika uso. Baadaye akaomba namba ya Iqra. Nikampigia, nikamwekea simu mkononi, nikatoka nje.

Iqra ameniambia aliombwa radhi. Mimi sijui kama Curtis amenisamehe, na kuuliza sikuthubutu.

Magazetini utasoma kwamba amejitoa kwa sababu za kifamilia. Wakikuuliza barazani, usibishane nao. Nilikuwa nikijua unavyompenda, ndiyo maana nimechelewa kukwambia.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mola awahifadhi nyote. Jumatatu nakwenda kumpima kijana aliyeletwa mahali pake. Wameniambia lile vazi nilipunguze kiunoni.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanasiti