Mafusho ya Rukia

Shoga yangu Zuhura,

Mwanao Rukia amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, na paji la uso ni lako kabisa, lile pana ulilokuwa ukisema Mungu alikupa ili upate pa kuegesha miwani. Nilitaka habari hii uipate kwangu kwanza, kabla sijakuambia mengine.

Mimi nipo. Bado nakaa Buxton, bado niko ofisini kule bandarini, na mgongo ni ule ule. Kizingo, kwenye mvuke wetu, sijarudi tangu uzikwe. Siku moja nilitia taulo mkobani nikaenda mpaka mlango wa chumba cha mvuke. Nikasikia wanawake wakicheka ndani. Nikageuka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Unakumbuka tulivyojuana? Daktari alikuwa ameniambia joto huenda likanipunguzia maumivu, nami mtoto wa Machakos sijawahi kuingia mahali kama pale. Mvuke mzito, hata mkono wangu siuoni. Nikapapasa benchi, nikakaa kitako. Ikatoka sauti ya upole gizani: "Karibu, dada, lakini goti hilo lina mwenyewe." Nilikuwa nimekukalia! Niliruka, nikaomba radhi, nikaomba tena, na wewe unacheka tu. Sura yako sikuiona mpaka tulipotoka nje. Ulinipa maji kabla hata hujaniuliza jina. "Kunywa, mwanamke. Humu watu huja kutafuta afya wakatoka wamezirai."

Basi ikawa kila Alhamisi, siku ya wanawake. Wewe na mabega yako yaliyochoshwa na cherehani, mimi na mgongo wangu wa kiti cha ofisi. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua tena. Lakini Zuhura, mgongo ulikuwa sababu tu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, mwanangu Kyalo yuko Nairobi na kazi zake, na katika kisiwa hiki chote sikuwa na mtu wa kumwambia neno. Mle ndani, bila kuonana nyuso, niliweza kusema. Nawe ulinisikiliza.

Kisha yakaja yale maumivu yako ya ubavuni. Sote tulidhani ni baridi. Ukikaa kwenye mvuke unapata nafuu, ukifika nyumbani yanarudi. Ulipokwenda kupimwa, kumbe ni ugonjwa ambao mvuke hauufikii. Wodini ulinishika mkono ukasema, "Mvuke huliwaza, Mama Kyalo. Lakini si kila kitu hutibu."

Sasa nikuambie ya Rukia.

Alizaa kwa kupasuliwa. Alipotoka hospitali alinipigia simu, akasema, "Mama mdogo, njoo." Basi, hayo tu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja Mji wa Kale, nikapanda ngazi za nyumba yako kwa mara ya kwanza bila wewe kunipigia kelele nivue viatu. Nilivua.

Nikamkuta shangazi yake, wifi yako Bi Mwanaisha, ameshateleka chungu. Majani ya mkilifi, ule mwarobaini, na mrehani yanachemka, shuka nene liko tayari, na Rukia amekalishwa kigodani, rangi imempotea. Bi Mwanaisha anataka amfukize kwa mafusho hayo siku ile ile, mwili usiingie baridi. Rukia alinitazama tu, mkono ameuweka tumboni juu ya kidonda.

Nikasema, kwa adabu, "Bi Mwanaisha, tungoje kwanza kidonda kipone. Tumuulize daktari."

Akanigeukia. "Wewe ni mtu wa bara, mwanangu. Mambo ya mzazi wa Kiswahili utayajulia wapi?"

Iliniuma, siwezi kukuficha. Nusura nichukue mkoba wangu. Lakini nikakuona wewe pale wodini, nikakaa. Nikamjibu, "Ni kweli, siyajui. Ndiyo nasema tumuulize anayejua. Zuhura naye tulimfukiza sana, tukachelewa kuuliza."

Nilidhani atanifukuza. Bi Mwanaisha alikitazama chungu kwa muda, akafunga ushungi wake vizuri, akakiteremsha jikoni mwenyewe. Hakunisemesha tena siku ile.

Lakini siku ya kliniki, ni nani aliyekuwa ametangulia kukaa ndani ya tuktuk, buibui limepigwa pasi? Na ndiye aliyemuuliza muuguzi, mimi nimenyamaza. Muuguzi akasema tungoje. Tukangoja. Tuliporudi mara nyingine akakiangalia kidonda, akasema kimekauka vizuri, sasa mvuke wa uvuguvugu si vibaya, ila usiwe mkali, usiwe mrefu, anywe maji, na mtoto awe chumba kingine.

Tukafanya hivyo hivyo. Bi Mwanaisha alipoza maji, akayapima kwa kiwiko chake mpaka akaridhika. Tukamfunika Rukia, yeye ameshika pembe ya shuka upande ule, mimi upande huu. Halafu shuka likaanza kutikisika.

Nilidhani joto limemzidi, nikataka kufunua. Bi Mwanaisha akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache," akaninong'oneza. "Hajalia huyu tangu mamake afe."

Alilia, Zuhura. Alikuita kama anavyoita mtoto mdogo aliyeamka akakuta nyumba tupu. Na sisi wawili huku nje tumeshika shuka, hatutazamani, machozi yanatutoka.

Alipotoka alikuwa mwekundu, uso umevimba. Akanywa maji yote. Akaomba uji wa pilipili manga, akaumaliza, akaomba mwingine. Kisha akaniambia nimhadithie habari zako za Kizingo, zile usizomhadithia mwanao. Nimeanza. Nyingine nimekufichia.

Nilipokuwa navaa viatu niondoke, Bi Mwanaisha alinifuata mpaka kwenye ngazi. Akatazama nyuma kwanza, asisikiwe. "Huko kwenu Kizingo," akaniuliza, "wazee nao huingia?"

Nikamwambia huingia, naye ataingia tukishampima presha.

Kwa hivyo narudi, shoga yangu. Alhamisi ijayo nampeleka wifi yako, na Rukia akipata nguvu nitampeleka naye. Nakuahidi sitawaacha wakae sana, na sitawaacha wazungumze peke yao.

Mungu akulaze mahali penye wasaa, pasipo maumivu.

Ni mimi,
Mama Kyalo