Firigisi ya Baba

Kitengela,
Agosti 1998

Dada yangu Elsie,

Hii sijawahi kuambia mtu: naogopa Baba akiwa mpole.

Huku tuko sawa. Nailantei wa jirani bado huja kila Jumatano kuona kipindi cha Inspekta kwa TV yetu, na betri ya gari ya kuiwasha bado huisha kabla mwizi hajashikwa. Lakini juzi haikuisha. Unajua vile Inspekta hufokea dereva wake? Juzi alimmenyea chungwa. Dereva naye, mtu wa mizaha, akalipokea na kushukuru tu. Nailantei akacheka, "Ai! Huyu si yeye. Wameleta pacha wake!" Mwishoni ndipo tukajua dereva anaugua sana, na daktari alikuwa amemwambia Inspekta.

Jana tulichinja kuku. Baba akachukua firigisi yake, ile sisi hatugusi, akaiweka kwa sahani ya Mama. "Kula, Nyar Alego," akasema, akimwita binti wa Alego, kwao alikozaliwa. Mama, ambaye hubishana naye hata juu ya chumvi, akasema tu, "Asante."

Jumatatu Mama alirudi kutoka hospitali. Wananiambia ni vidonda vya tumbo. Wewe unasomea unesi, Dada. Vidonda vya tumbo vinaweza kumfanya Baba aoshe vyombo? Tafadhali kuja, hata kama hawajakuita.

Mdogo wako,
Adero

Nasikia viatu vya Baba vikija. Wacha nifiche karatasi chini ya mto. Dada, amesimama hapo nje, na anabisha mlango. Baba amewahi kubisha lini?