Anayeweza Kuniokoa Chuoni Ni Mama wa Marehemu Mchumba Wangu

Mshauri mpendwa, hapa Suva sina mtu wa kumwambia jambo hili asilifikishe Labasa kabla jua halijazama, kwa hiyo nakuletea wewe, nisikilize mpaka mwisho kisha unigombeze ukitaka.

Nilisomea uuguzi Labasa miaka miwili nikafaulu, halafu kimbunga kikaja, mto ukaingia chuoni, ofisi ikajaa tope, kumbukumbu zetu zikaoza na chuo chenyewe kikafungwa, basi nikahamia chuo kikuu hapa mjini nikijua naingia mwaka wa tatu, kumbe wameamua kwamba masomo ya darasani wanayaona kwenye cheti changu lakini mazoezi ya wodini hayana ushahidi, na bila hayo hawanihesabii chochote, nianze mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi. Nyumbani mama amepooza upande mmoja, mdogo wangu Vani aliacha shule ili amlishe na kumgeuza, na ahadi yetu ilikuwa nikianza kazi Vani arudi darasani. Nilipompigia simu alisema, "Sawa, dada. Nitakuwa bibi kizee kwenye dawati, lakini sawa," akacheka, na kicheko kile ndicho kinachoninyima usingizi.

Karani wa kitivo ameniambia naruhusiwa kukata rufaa, ila nilete neno la mtu aliyenisimamia wodini. Mshauri, aliyenisimamia ni Matroni Kelera, na Matroni Kelera ndiye mama yake Jone, aliyekuwa mchumba wangu. Nilimwacha Jone kwa sababu alikuwa ananipiga, mara ya mwisho nilishonwa juu ya jicho nikamwambia aliyenishona kuwa nimeteleza bafuni, sikumweleza mtu yeyote, posa ikavunjika bila sababu kutajwa, naye Jone akaenda Australia kuchuma matunda, na kabla msimu haujaisha gari lililowabeba wachumaji likapinduka akafa. Mwili ulipoletwa nilikwenda msibani na mkeka wa rambirambi, Matroni akanikuta mlangoni, akasema mbele ya watu, "Angekuwa na mke asingeondoka. Beba mkeka wako, binti, hapa hakuna pa kuutandika." Tangu hapo hatujaonana.

Sasa Shaleshni, niliyesoma naye Labasa na ambaye siku hizi anauza kwenye duka la nguo, ananiambia, "We Ateca unajitesa bure. Andika mwenyewe, sahihi ya yule mama tunaijua wote, imejikunja kama mnyoo. Uongo uko wapi? Kazi si uliifanya?" Na kweli niliifanya, nimepokea watoto kwa mikono hii, nimeosha hata maiti. Rufaa inafungwa mwisho wa mwezi. Nighushi, nimwendee, au niinamishe kichwa nianze upya?

Ateca, Suva

*

Ateca mwanangu, pole kwa msiba wa Jone, na pole zaidi kwa jicho lako, ambalo umelitaja mbiombio kama mtu anayevuka barabara. Hukumuua. Mwanamke anayeondoka kwa sababu anapigwa hamtumi mtu kupanda gari litakalopinduka. Hilo lisikie kwangu kama hakuna mwingine wa kukwambia.

Shaleshni mwambie aendelee kuuza nguo. Anayeghushi sahihi ya matroni leo, kesho ataandika joto la mgonjwa ambalo hakulipima. Na wakikugundua, huo mwaka wa kwanza unaoulilia utautamani, maana watakufukuza, na Fiji nzima hakuna wodi itakayokupokea.

Lakini na wewe, nani alikufundisha kwenda msiba kama ule peke yako, mkeka kwapani, kama unapeleka sokoni? Binti ambaye posa yake imevunjika haendi kwa mama wa marehemu bila wazee. Ulimpa nafasi ya kukufukuza, naye akaitumia. Mtafute mjomba wako, abebe jino la nyangumi la kuombea radhi kimila, mkamwomboleze Jone kwanza kama inavyotakiwa. Wewe ukae nyuma na mdomo wako uufunge. Habari ya kipigo usiifungue siku hiyo. Ni kweli tupu, ila mama anayelia hana pa kuiweka. Jino likishapokelewa, mjomba aseme wazi kwamba hamtafuti upendeleo, mnaomba aandike kazi aliyokuona ukiifanya, basi.

Na rufaa yenyewe usiiandike kwa machozi, jopo halipimi uchungu. Taja kila wodi na ulichofanya humo. Weka muhtasari wa masomo ya Labasa kando ya wa kwao, waone yanavyolingana. Omba kuitwa ujieleze, na uingie na mtu wa chama cha wanafunzi, usiende tena peke yako.

Wasomaji wangu, siku zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo majibu haya nilimpelekea Ateca kabla ya kuyachapa, na najua yaliyofuata. Matroni alilipokea jino, akalia na mjomba mpaka sauti ikamkauka. Ushahidi aliuandika, akampa mjomba mkononi. Ateca alikuwa ameketi barazani, hatua chache kutoka mlangoni, na yule mama hakutoka kumtazama. Chuo kimemhesabia mwaka mmoja kati ya ile miwili ya Labasa. Ule mwingine wamekataa, wanasema mazoezi yake hayatoshi kwa kipimo chao, na rufaa nyingine hakuna. Sasa ananiuliza kama arudi Labasa amwombe Matroni angalau amwangalie usoni.

Usirudi, mwanangu. Amekupa ukweli, msamaha bado hana, na huwezi kumvuta ulimi autoe. Kajiandikishe mwaka wa pili wiki hii. Kisha mpigie mjomba wako, umwambie ana mke na mabinti wawili wakubwa, na zamu ya kumgeuza mama yako imewafikia. Vani arudi shule muhula huu. Asingoje umalize wewe.

Mama Taraivini