Kaburi Lisilo na Maandishi

Dimona, Jumanne

Liraz mjukuu wangu,

Huku tu wazima, ila goti langu ndilo limenuna. Mama yako ataipiga picha barua hii akutumie, maana kwenye simu unacheka tu na wenzako.

Shule imewapeleka Moroko mkaone asili yenu. Haya, picha nimeiona: umeinama pale Sefrou, umeweka kijiwe juu ya kaburi kama desturi yetu ya kumkumbuka marehemu, machozi tele. Unamlilia nani? Huyo ni Freha binti Yamin, jirani yetu, aliyemnyima mama yangu hata ungo! Mama yangu ni Freha binti Masud.

Eti, "Bibi, mwalimu amelisoma jina kwenye jiwe." Nani kakwambia mama yangu ana jiwe la jina? Baba alikuwa fundi viatu, hela ya jiwe angeitoa wapi? Kaburi la mama limepakwa chokaa tu, la tatu kutoka ukuta wa nyuma. Nyie mliosoma, pasipo na maandishi hamwoni mtu!

Basi lenu linaondoka kesho mchana. Mwambie mwalimu akurudishe makaburini asubuhi. Akikataa, mwambie Bibi Simha atakuja shuleni na mkongojo wake.

Siku tuliyohama Sefrou kuja huku, baba aliniita tukamuage mama kaburini. Nilikataa kushuka garini, nikiogopa kuchafua viatu vipya. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu hapo hajawekewa kijiwe na mtu wa kwetu.

Weka viwili, Liraz. Cha pili mwambie ni changu, nimechelewa.

Bibi yako,
Simha